Mjomba Aliyempunja Hemedi Alama

Chole, Mafia
Jumatatu, 15 Mfunguo Mosi 1329
Kwa hesabu ya Kizungu, 9 Oktoba 1911

Mpendwa mdogo wangu Muhidini bin Kombo,

Jina la Hemedi limekatwa. Nimeambiwa leo saa nne asubuhi na Mfaume, karani wa Bwana Kestner, mlangoni pa ghala la mbata, na mstari wa wino mwekundu uliopita juu ya jina nimeuona kwa macho yangu. Nisamehe kutanguliza habari mbele ya salamu. Meli ya barua inaondoka kesho alfajiri, nami niliogopa nikianza kwa kuulizana hali nitazunguka mpaka karatasi iishe kabla sijafika.

Sasa pokea salamu zangu, na marahaba kwa shikamoo ulizoniletea katika barua yako ya Shaabani. Hujambo? Mkeo Jokha hajambo? Kile kifua kilichokuwa kikikubana nyakati za baridi kimekuachia? Sisi huku kwa mwili hatujambo. Shemeji yako Somoe ana jino linalomsumbua, anasukutua maji ya chumvi na kunisukutua mimi kwa maneno. Idd tuliswali salama, msikiti ulijaa mpaka uani. Mvua za vuli bado. Mema niliyo nayo ya kukuandikia yameishia hapo.

Nitakueleza mambo kwa taratibu yake, kwa kuwa umekuwa mbali na mengine hayajakufikia.

Hemedi alipomaliza skuli kwenu mwaka 1908 alirudi kwa mama yake, dada yetu Mwanahalima, akapata kibarua cha kufua nazi kwa Bwana Kestner, yule Mdachi mwenye minazi ng'ambo, upande wa Utende. Mwezi wa Februari mwaka huu mzee Matano, aliyekuwa mwangalizi wa majiko ya kukaushia nazi ziwe mbata, alifariki, Mungu amrehemu. Hemedi ndiye aliyekuwa akimsaidia, basi akaambiwa ashike mahali pake mpaka atakapopatikana mtu. Ameshika miezi minane. Mwaka jana majiko mawili yaliungua. Mwaka huu halijaungua hata moja, wala hapana gunia lililorudishwa kwa kuota ukungu. Hili sikuambiwa na mama yake. Nimelisoma katika daftari la ghala.

Mwezi wa Agosti ikaja amri kutoka kwa wakubwa wa kampuni, Dar es Salaam. Mwangalizi wa majiko sasa ataandikwa kazi ya kudumu, na yeyote atakayeandikwa lazima alete cheti cha skuli. Mwenye alama ya nne katika somo lolote asipokewe. Wewe mwalimu huhitaji kufasiriwa, lakini hapa nimelazimika kuwaeleza watu wengi kwamba kwa Wadachi moja ndiyo bora na tano ndiyo mbovu. Mwanahalima mwenyewe alikuwa akidhani mwanawe amepata nyingi. Nilipomweleza aliuliza nani aliyeandika.

Cheti cha Hemedi ninacho mbele yangu, nimerudishiwa leo. Kusoma, mbili. Kuandika, tatu. Hesabu, nne. Mwenendo, nne. Chini yake jina lako, kwa mwandiko ule ule mzuri ambao marehemu baba alikuwa akiwaonyesha wageni.

Muhidini, wewe na mimi tunajua alama hizo si zake.

Ulinieleza mwenyewe, barazani kwangu, Idd ya mwaka juzi, siku ya pili, baada ya chakula. Tulikuwa watu saba. Ulisema kijana wa Mwanahalima alistahili mbili ya hesabu ukampa nne, maana hukutaka mtu aseme mwalimu kampendelea mpwa wake. Ukasema na ya mwenendo ulimpunguza vile vile, kwa sababu alipofiwa na baba yake alikuja huku bila ruhusa akakaa mpaka hitima. Mtu mmoja akasema, "Huo ndio uungwana." Mwingine akasema, "Mtoto wa nyumbani hula baada ya wageni." Wote tukaitikia. Hemedi alikuwa pale pale akitushikia maji ya kunawa.

Na mimi nilikusifu. Sitaki uje ukumbuke jambo hili ukadhani nimelificha. Nilikusifu barazani, kisha nikakusifu gazetini. Nilipeleka mistari saba, wakaichapa yote. Miaka sita naandika habari za kisiwa hiki, na sijui kama nimepata kuandika habari iliyomdhuru mtu kuliko hiyo, ingawa haikuwa na neno baya hata moja.

Alhamisi iliyopita Bwana Kestner aliwaita vijana wawili waliobaki katika orodha, Hemedi na Hamdu bin Nasoro, mwana wa yule mfanyabiashara wa vitambaa. Hamdu unamjua, naye ulimfundisha wewe, mwaka mmoja na Hemedi. Ni kijana mwema, sina neno naye. Bwana Kestner aliweka mafungu matatu ya mbata juu ya jamvi, akawaambia wamwonyeshe fungu lililo tayari kutiwa melini. Nilikuwepo, pamoja na wafua nazi kama ishirini.

Hamdu alitazama, akachagua fungu lililokuwa jeupe kuliko yote. Ukilitazama kwa macho hata mimi ningelichagua. Hemedi hakutazama sana. Alichukua kipande kimoja kila fungu, akakikunja karibu na sikio. Kile cheupe kilipinda kidogo kabla ya kukatika. Akakipasua kwa kisu, akamwonyesha Bwana Kestner utando wa ndani, ulikuwa na maji bado.

"Hii imekauka ngozi tu," akasema. "Moto ulikuwa mkali siku ya kwanza. Ukiitia gunia leo, mwezi ujao inavunda, na gunia la jirani linavunda nayo."

Kisha akachukua kipande cha fungu la tatu, lililokuwa limeingia weusi wa moshi na halipendezi. Kikakatika mara moja kwa mlio mkavu, na mafuta yakabaki kidoleni.

Bwana Kestner akamgeukia Hamdu. "Na wewe unasemaje?"

"Hemedi ndiye anayejua kama imekauka, Bwana," akasema Hamdu. "Mimi najua kuandika kwamba imekauka."

Watu wakacheka, hata yeye Hamdu. Mfua nazi mmoja akapaza sauti, "Basi waandikwe wote wawili, mmoja mkono, mmoja sikio!" Tulirudi Chole jioni ile tukiwa na hakika kwamba mkono wake umeshinda cheti. Somoe alimpelekea Mwanahalima bakuli la tambi, na nasikia alikula.

Leo nimevuka nikijua nakwenda kusikia jambo la heri. Nilichokikuta ni ule mstari mwekundu.

Mfaume aliniona nilivyosimama. "Mzee Shamte, usinitazame mimi," akasema. "Mimi ni kalamu tu, mkono si wangu."

"Kalamu yenyewe imechovya wino mwekundu kwa furaha."

"Mweusi umekwisha, mzee wangu. Tunangoja meli kama nyinyi."

Nikaomba kumwona Bwana Kestner, akanikubalia. Yule mtu si mjeuri. Anasema Kiswahili kilichonyooka, ila hana salamu, anaanza moja kwa moja kama mimi nilivyoianza barua hii. Juu ya meza yake aliweka vyeti viwili ubavu kwa ubavu, cha Hemedi na cha Hamdu, vyote kwa mwandiko wako. Nikamwambia hesabu ile si nne, mwalimu aliipunguza kwa kuwa mtoto ni wa dada yake.

"Umejuaje?"

"Alinieleza mwenyewe."

"Na mwalimu huyu ni nani kwako?"

"Ni mdogo wangu. Baba mmoja, mama mmoja."

Akaweka kalamu yake chini. "Basi mjomba mmoja ananiambia mjomba mwingine ameandika uongo. Nimwamini mjomba yupi?"

Kabla sijajibu Mfaume akafungua mtoto wa meza akatoa gazeti, toleo la mwaka juzi. Alilitunza kwa kuwa mlikuwa na habari ya harusi ya shangazi yake. Akasoma kwa sauti ya hotuba ya Ijumaa: "'Mwalimu wetu hapimi kwa mizani ya damu, alama atoayo ni haki tupu, awe mtoto wa nani awaye.' Maneno ya nani haya, mzee wangu?"

"Yangu."

"Mashallah. Yamepangika."

Muhidini, nimekaa mbele ya maliwali na mbele ya maafisa, nimeulizwa maswali mabaya nikayajibu. Leo niliulizwa na maneno yangu mwenyewe.

Ndipo nikamwomba Bwana Kestner atazame vyeti vile viwili kwa pamoja. Hamdu naye alikwenda matangani bila ruhusa mwaka ule ule, alipofiwa na babu yake, akakosa siku kumi na mbili. Hemedi alikosa kumi na nne. Siku za wote wawili zimeandikwa hapo chini, umeziandika wewe. Mwenendo wa Hamdu ni mbili, wa Hemedi ni nne. Bwana Kestner akavitazama kwa muda. Nadhani alinielewa. Alisema maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema:

"Mimi nimemwona kijana akivunja mbata. Ingekuwa ni mimi peke yangu, nisingeuliza cheti. Lakini wakubwa wangu Dar es Salaam hawamwoni yeye, wanaiona karatasi. Jiko likiungua na aliyelishika ana nne mbili, mimi ndiye nitakayeulizwa kwa nini nilimweka. Siwezi kuwajibu kwamba mjomba wake aliniambia."

Nikamuuliza kama hapana njia. Akasema ipo moja. Mwalimu mwenyewe aandike kwamba alama zile hazikuwa za kweli, aseme za kweli ni zipi, na mwalimu mkuu wa skuli atie mhuri. Barua hiyo ikifika kabla ya Alhamisi tarehe 26 mwezi huu, jina litarudishwa. Isipofika, siku hiyo atatia sahihi jina la Hamdu.

Nimefikiri sana habari ya alama, njia nzima ya kurudi. Wako watu hapa wanaosema tajiri asitazame alama hata kidogo, atazame mkono wa mtu. Mimi sisemi hivyo. Mwangalizi wa majiko huandika magunia na siku za moto. Asiyejua hesabu atamwingiza mwenzake katika hasara, na tajiri ana haki ya kuuliza. Alama ni shahidi. Lakini shahidi huulizwa alisimama wapi na aliona nini. Wewe ulisimama mlangoni kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni, ukawakirimu watoto wa watu na wako ukamwambia angoje. Katika sinia la wali jambo hilo ni adabu, maana mtoto anajua kwamba jikoni kimebaki chake. Katika cheti hakikubaki kitu. Msomaji wa Dar es Salaam hajui kwamba mwandishi ni mjomba, anasoma nne akaona nne.

Nami, ili cheti kikiulizwa nisiseme kwa mapenzi, Jumamosi nilimpa Hemedi hesabu kumi na mbili, za kugawanya na za kuzidisha, nyingine za sehemu. Nilizitoa katika kitabu cha skuli alichokiacha Hamdu, kwa ruhusa yake. Alipata kumi na moja. Ile moja alikosea kwa haraka, akaiona mwenyewe kabla sijamwambia.

Sasa sikiliza sababu ya kuandika kwa pumzi hii.

Hemedi hakungoja. Leo adhuhuri, alipopata habari, alikwenda moja kwa moja kwa mnyapara anayekusanya watu wa kazi ya reli, akaandikisha jina. Alisema hawezi kubeba magunia chini ya Hamdu katika majiko aliyoyashika yeye, watu wakimwita kwa mzaha Bwana Mwangalizi. Chombo cha watu wa reli kinaondoka Jumamosi tarehe 28. Nimemuuliza mnyapara: aliyeandikwa kazi ya kudumu hapa kisiwani kabla ya siku hiyo, jina lake hufutwa bila maneno. Asiye na kazi huondoka.

Huna haja ya kukumbushwa habari za Ussi, kaka yake Hemedi, aliyekwenda kazi hiyo hiyo mwaka 1909 akafa kwa homa karibu na Kilosa. Kilichorudi ni kofia yake. Mwanahalima bado ameitundika kwenye msumari nyuma ya mlango.

Nilikwenda kwake leo baada ya alasiri. Nitakueleza nilichokiona, sitaongeza. Jiko halina majivu mapya. Sanduku la nguo za Hemedi amelipandisha darini, na ngazi ameivunja kwa shoka, vipande viko uani. Alikuwa ameketi kizingitini, na Hemedi nje amesimama, hawakuwa wakisemezana. Nikasema nitakuandikia wewe usiku huu.

Hemedi akasema, "Mjomba Shamte, nakuomba usimwandikie."

"Kwa nini?"

"Mjomba Muhidini akisema aliandika uongo, skuli watamwondoa. Watu watasema Hemedi kapata kazi kwa kumvunjia mjomba wake nyumba. Afadhali reli. Nikienda reli nimekwenda kwa miguu yangu."

Mama yake akasema pale alipo, bila kuinua kichwa, "Na Ussi alikwenda kwa miguu ya nani?"

Nikajaribu kusema neno la kumtuliza dada, nikamwambia wewe hukukusudia ubaya, ulitaka heshima. Akanigeukia mimi.

"Nina ndugu wawili wenye kalamu," akasema. "Mmoja aliandika mwanangu hafai. Mwingine akaandika gazetini kwamba mwenziwe kafanya haki. Mimi sijui kusoma, na ndiye ninayezika."

Kisha akasema, "Mwambie Muhidini heshima yake aile yeye. Mwanangu ameshakula sehemu yake."

Nikaondoka. Hemedi alinifuata mpaka kwenye mnara wa msikiti, akarudia ombi lake nisikuandikie. Nikamwambia nimesikia. Sikumwambia nitafuata. Kwa hiyo hajui kwamba barua hii ipo, nawe ukimwandikia usilitaje jambo hili mpaka liwe limekwisha.

Ninalokuomba ni hili. Nenda kwa mwalimu mkuu wako, umweleze ulivyofanya na sababu yake. Mwombe akupe daftari la mitihani la mwaka 1908, bila shaka lipo, wewe hukupata kutupa karatasi tangu utoto. Andika alama alizozipata Hemedi kweli, hizo tu. Usimwongezee hata moja ili kufidia. Ukimwongeza utakuwa umerudia kosa lile lile kwa upande wa pili, na Bwana Kestner ataona. Ikiwa hesabu yake ilikuwa tatu, andika tatu. Tatu inatosha. Hamdu usimguse, cheti chake ni chake, hakukuomba kitu.

Wala sikufichi upande wako. Unaweza kuondolewa kazini. Miaka kumi na moja ya ualimu inaweza kwisha kwa barua ya mistari kumi, na watoto wa watu wanaokusalimu njiani wakaambiwa kwamba mwalimu wao aliandika uongo katika karatasi ya serikali. Nimejiuliza kama nina haki ya kumwomba mtu jambo hilo. Nikijiuliza usiku huu kama kaka yako, jibu ni hapana. Nikijiuliza kama kaka yake Mwanahalima, kalamu inaendelea. Siwezi kuwa kaka wa mmoja tu, na leo mama hayupo wa kutuamulia.

Kama watakuondoa, njoo. Chumba cha nyuma kiko wazi, nimekipaka chokaa kabla ya Ramadhani. Mimi nami nitaandika gazetini kwamba mistari ile saba ilikuwa makosa, nitataja jina langu, ili usibaki peke yako katika jambo hili. Barua hiyo nimekwisha kuiandika na itaondoka kwa meli hii hii. Sikungoja kwanza nione utafanya nini.

Na kama hutaandika, sitakulaani. Nimetafuta laana moyoni sikuipata, maana ningelazimika kujianza mwenyewe. Lakini niambie kwa barua, usiniache ningoje. Ukimya wako nitashindwa kumfasiria dada.

Mpangilio wa siku ni huu. Meli hii itakufikia Alhamisi tarehe 12. Ikirudi kusini itapita kwenu Jumatatu tarehe 23, saa za asubuhi. Barua iwe bandarini usiku wa kuamkia siku hiyo. Una siku kumi na moja. Mtu wa kumkabidhi ni serahangi, mkuu wa mabaharia wa meli hii, nimezungumza naye leo, ataiweka kwake asiitie katika mfuko wa wengine.

Somoe anakusalimu sana, na anamwambia Jokha ile mikeka miwili aliyoagiza imekwisha kusukwa. Mwanamkuu, mama yake Hamdu, amekuulizia hali pia. Hajui lolote, usishangae. Mzee wa msikiti anakuombea kila Ijumaa kwa jina. Nisalimie majirani zako wote. Mwanahalima hajatuma salamu. Nilimuuliza mara mbili.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe na moyo wa kusema lililo kweli, na akishakupa huo, akuhifadhi na yale yatakayofuata. Amin.

Ni mimi kaka yako, ambaye mapenzi yake kwako hayakupungua leo wala jana,

Shamte bin Kombo

Nimesahau jambo moja. Meli ya kurudi inatazamiwa hapa Jumatano tarehe 25, saa sita mchana. Nitakuwa forodhani tangu asubuhi. Mwanahalima ameniletea habari sasa hivi kwa jirani kwamba naye atakuja, barua iwepo isiwepo.